Moyo wa Seifu na Uchawi Wangu

"Mtoeni huyo mchawi! Kamla Hashiru, sasa anammalizia Seifu!"

Jamani... huyo ni mama mkwe wangu, Bi Mwamini, ananiburuta nje ya kilinge cha mganga huko Kisarawe, na mume wangu kalala chini hajitambui!

Mimi ni Nuria, wa Mlandizi. Shemeji yangu Hashiru alidondoka uwanjani akicheza mpira, akafa, harusi yetu haijapoa. Tangu hapo, miaka kumi sasa, mimi ndiye nuksi.

Seifu naye alipoanza kuzimia akipandisha baiskeli mlimani, mganga akasema ana pepo. Dawa? Aharishwe, kisha achezeshwe ngoma mpaka pepo apande kichwani.

"Mama, anazidiwa!" nililia.

"Unalitetea jini lako?"

Wakamsimamisha acheze... puu! Chini!

Nikapiga ukunga, "Mwizi! Mwizi!" Watu wakajaa! Kijana mmoja mwenye kirikuu, kigari cha mizigo, akatupakia hadi hospitali, Kibaha. Mama mkwe akadandia, ananilaani njia nzima.

Seifu alipozinduka, daktari akamsikiliza kifua.

"Chuchumaa. Haya, simama."

Uso ukambadilika.

"Akisimama mngurumo wa moyo unazidi. Nataka kuuona huu moyo."

Kwenye picha ya moyo akatuonyesha. "Nyama imenenepa hapa, chini ya vali, kile kilango cha moyo, damu inakosa njia ya kutokea. Kumharisha na kumchezesha... mlikuwa mnamuua."

"Karogwa na huyu, kama alivyomla kaka yake uwanjani!" mama mkwe akakomaa.

"Hapana, huu ugonjwa hurithiwa. Huenda ndio uliomchukua na huyo kaka yake. Mama, hebu na wewe panda kitandani."

Wallahi nyie... wa kwake ulikuwa hivyohivyo!

Mama mkwe akakaa sakafuni. "Kumbe nimewaua wanangu mwenyewe?"

"Hujaua mtu, mama," daktari akamwambia.

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Daktari alishanigeukia mimi.

"Mna watoto?"

Raudha wangu... mkimbiaji wa shule!

Tukampima. Naye anao.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe akanikumbatia. "Nisamehe, mwanangu. Huyu mjukuu wangu hachezeshwi ngoma na mtu."

Seifu yuko kwenye dawa, anaendelea vizuri. Raudha kaachishwa mbio, ananinunia kutwa.

Ndugu zangu, kama kwenu kijana aliwahi kudondoka akafa ghafla, msimnyooshee kidole mke wa mtu. Nendeni mkapimwe moyo, na watoto pia!

Jana Raudha kaniuliza, "Mama, nikiacha kukimbia ndiyo nitakua mkubwa?"

Nikamwambia ndiyo. Niombeeni iwe kweli.