Nyumba Haiji kwa Zamu

Kila asubuhi Risper hukaanga omena, dagaa wa ziwa, mbele ya mlango wake mtaani Kambi Muru. Karai ni moja, mwiko ni mmoja, na mabati ya nyumba yameshika moshi hadi yamekuwa rangi ya chai. Mkono wake hugeuza omena, lakini yeye mwenyewe huwa mbali. Hujiona katika chumba chenye dirisha pana. Anafungua mfereji jikoni, maji baridi yanatoka polepole. Pazia la kijani linajaa upepo, linashuka, linajaa tena.

"Mama Billy, omena zinaungua!"

Alikuwa Annet, jirani yake. Annet anafanya kazi katika ofisi ya mfuko wa uwekezaji wa serikali, ule unaojenga magorofa mapya Kawangware.

"Sasa Annet. Nilikuwa nimeshahamia," Risper akacheka.

"Umehamia bila fomu? Mwisho wa kuleta fomu na akiba ya kwanza ni Ijumaa."

Risper aliacha mwiko. "Fomu ya nini? Si ni zamu? Kwa chama chetu cha kuchangiana, kila mwezi mmoja anabeba pesa zote. Hata nyumba, sisi tunangoja tu jina letu lisomwe."

Ogola, mumewe, ni fundi wa viti vya sofa. Alikuwa kando akipigilia kiti, misumari mitatu mdomoni. "Hizo ni pesa za kodi tunayolipa serikali," alisema. "Serikali itaniuzia aje kitu changu?"

"Baba Billy, toa misumari kwanza, usije ukaimeza," Annet alisema, akakalia debe. "Mfuko huu si chama cha zamu. Sehemu ya pesa ni ya serikali. Zingine ni za watu wanaoweka akiba ya uzeeni. Lazima zirudi, tena na faida."

"Faida! Kumbe mnafanya biashara na shida yetu!"

"Ndiyo, ni biashara. Ghorofa ya chini ni maduka, yanalipa kodi ya pango kwa bei ya soko, bila huruma. Nyumba zingine zinauzwa bei ya juu kwa wenye uwezo. Faida hiyo inashusha bei ya nyumba ndogo. Wewe unaweka akiba ya kwanza, halafu unalipa kila mwezi kwa miaka mingi. Pesa zikirudi, zinajenga jengo lingine. Tukigawa bure, jengo la kwanza ndilo litakuwa la mwisho."

Ogola alizungusha nyundo mkononi. "Na nikikosa kazi?"

"Njoo useme mapema, mpangiwe malipo upya. Ukinyamaza, unaweza kuipoteza nyumba. Soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi. Na ulipe kwa akaunti ya mfuko tu. Usimpe mtu pesa mkononi, hata mimi."

"Hata wewe?" Risper aliuliza.

"Hata mimi. Mimi nipe omena."

Wiki hiyo Risper alikuwa amepata pesa za chama. Ogola alikuwa amezipangia mbao na sponji za viti. Jioni uji wa Ogola ulipoa mbele yake.

"Mbao nitanunua moja moja," alisema mwishowe. "Nyumba haiuzwi vipande. Peleka."

Alhamisi walikwenda wote wawili ofisini kwa mfuko, na fomu yao. Risper alisoma mkataba huku kidole chake kikitembea chini ya kila mstari. Palipokuwa pagumu aliuliza. Kisha wakatia sahihi.

Mwaka wa pili walihamia Kawangware, ghorofa ya tatu. Walilipa kila mwezi. Mwezi mmoja kazi ya Ogola ilipokauka, alikwenda kusema mapema, akapangiwa upya.

Asubuhi moja ya ukungu walisimama dirishani. Ng'ambo ya barabara mafundi walikuwa wakichimba msingi wa jengo lingine. Sauti za sepetu zilipanda taratibu.

"Kwa hivyo pesa zetu ziko pale chini?" Risper aliuliza.

Ogola alitazama sana, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake.

"Unaona ile kona ya kulia?" alisema. "Pale ziko za mwezi huu."