Chama cha Kuzikana

Karisa alikuwa hamali wa bandarini. Alibeba magunia kutwa, akilipwa ujira wa siku. Siku asipofanya kazi, halipwi. Yeye na mkewe, Mejumaa, walipanga chumba mtaa wa Kibokoni.

Mwaka 1947, baada ya ule mgomo mkubwa wa wafanyakazi, Karisa alishikwa na kichomi. Jirani yao Loise, muuguzi, alimsikiliza kifua, akakunja uso.

"Mejumaa, haya ni mapafu. Vidonge vyake hospitalini vimekwisha. Duka la dawa la barabara ya Ndia Kuu wanavyo, kwa shilingi ishirini."

Mejumaa hakuwa nazo. Lakini Karisa alikuwa katika chama cha kuzikana, na mchango hakuukosa hata mwezi mmoja. Mejumaa akamwendea mwenyekiti, Mzee Dzoro.

"Baba, mume wangu yuwaumwa. Naomba shilingi ishirini za dawa."

Dzoro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sharti tu. "Mwanangu, pesa hizi ni za maiti. Tukizila leo, kesho nani atatuzika?"

"Basi ningoje afe?"

Dzoro akafunga daftari la michango.

Siku ya tatu Karisa alikufa. Hapo ndipo chama kilipoamka. Sanda ikaja, jeneza likaja, na lori la kumrudisha kwao likavuka daraja la Makupa limejaa watu. Zilitumika shilingi mia mbili. Mejumaa hata kushukuru hakuweza.

Matanga yalipokwisha, alikwenda mkutanoni na Loise.

"Mmemzika vizuri," aliwaambia. "Lakini alitaka kuishi."

Loise akaeleza: "Kila mzima atoe kidogo, atakayeugua atibiwe. Kuna nchi ambako hiyo ni sheria. Mfanyakazi huchanga, tajiri aliyemwajiri huchanga, serikali husimamia. Tuandike, tuombe vivyo hivyo."

"Na serikali ikikataa?" Dzoro aliuliza.

"Twaanza wenyewe."

Waliandika. Jibu likaja: jambo linafikiriwa. Mwaka ukaisha, bado linafikiriwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Chama hakikungoja. Nusu ya mchango ilitengwa kwa wagonjwa.

Masika yaliyofuata, kichomi kikamshika Baya, hamali mwingine. Dzoro mwenyewe alikwenda mbio kununua vidonge. Wiki ya tatu Baya alirudi kazini. Jioni akapita kwa Mejumaa.

"Ahsante, dada. Ulinisemea."

Mejumaa alifurahi kumwona, na moyo ukamuuma.

"Nilimsemea Karisa," alisema, "nikachelewa. Wewe mchango usikose."