Maji Yanakwenda kwa Nani?

Asubuhi ile, huko Lufingo, Tusekile alikuwa akimenya ndizi za kupika. Mumewe, Ambilikile, alikuwa amemaliza kupulizia dawa viazi. Binti yao, Neema, alikuwa amekwenda mtoni kuchota maji.

"Mama! Tumbo!"

Tusekile akatupa kisu, akatoka mbio. Neema alikuwa amepiga magoti njiani, ndoo imepinduka. Mate yalimtoka, jasho lilimtiririka.

"Umekula nini?"

"Sijala. Nimekunywa maji ya mtoni."

Tusekile akatazama mtoni. Upande wa juu, Ambilikile alikuwa ameinama, akisuuza bomba la kupulizia dawa.

"Baba Neema! Mtoto amekunywa dawa yako!"

Ambilikile akaja mbio. "Mpe maziwa! Mtapishe!"

"Msimtapishe! Msimpe kitu!" Alikuwa jirani yao, Agness, muuguzi wa zahanati, akienda kazini. "Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji safi na sabuni. Kopo la dawa nalo tulibebe, tujue ni sumu gani."

Wakamwosha, kisha Agness akawapakia mama na mtoto kwenye pikipiki yake; Ambilikile akafuata kwa miguu. Barabara ilikuwa na utelezi. Neema alilegea mikononi mwa mama yake.

"Mwana gwangu, usilale! Nitazame!"

Zahanati walisoma kopo, wakamchoma sindano. Tusekile alisali kimya, macho hayabanduki kwenye kifua cha mwanawe. Kilipanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Alasiri Neema akafumbua macho. "Mama, nina njaa."

Tusekile akalia. "Ndaga fijo, Agness. Asante sana."

Ambilikile alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilidhani maji yanakwenda zake."

"Yanakwenda kwa nani, kaka?" Agness akauliza. "Huko chini watu wanakunywa, ng'ombe wanakunywa, samaki wanaishi. Suuza kopo mara tatu, maji hayo yamimine kwenye bomba, uyapulizie shambani. Bomba lioshee shambani, mbali na mto. Kopo litoboe, lisichotewe maji. Usilichome, moshi wake nao ni sumu. Muulize bwana shamba pa kulipeleka."

Tangu hapo Ambilikile huoshea bomba shambani. Juzi alimwona jirani yao Ezron akiteremka mtoni na bomba mgongoni. Akamzibia njia.

"Nipishe, Baba Neema. Nina haraka."

"Hupiti. Mimi nusura nimzike binti yangu."

Ezron akageuka, akarudi shambani kwake.