Aliyeambiwa Twende

Siku ya kwenda kuchagua trela, Mama Mapazia alivaa viatu vyake vya harusini. Mumewe akamcheka.

"Tunakwenda yadi ya magari, mke wangu, hatuendi kuposa."

"Mimi nakwenda kuchagua nyumba," akajibu. "Wewe vaa unavyotaka."

Jina hilo alipewa na wateja, maana maisha yake yote aliwashonea watu mapazia. Mumewe alikuwa dereva wa greda. Alichonga barabara za mbali, akawa anakuja nyumbani kama mgeni na kuondoka kabla watoto hawajamzoea. Sasa wote wawili walikuwa wamestaafu, watoto wana miji yao, na wao walikuwa wameahidiana kitu kimoja tu: kununua nyumba ya magurudumu, kuifunga nyuma ya gari lao na kuzunguka nayo pamoja, kufidia ile miaka waliyoishi mbalimbali.

Yadini yalibaki matrela mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa fupi, la kijivu, limekaa juu ya matairi mapana, tumbo lake limekingwa kwa chuma. Jiko lake lilikuwa droo ya kuvuta nje. Ukitaka kupika, unapikia uwanjani. Lilitengenezwa kwa ajili ya mawe na makorongo. La pili lilikuwa jeupe na refu, lina sofa, kiyoyozi, bafu la mlango wa kioo na kitanda unachoweza kukizunguka. Hilo ni la kambi za starehe, mahali penye lami mpaka mlangoni.

Mume alikuwa ameshapiga magoti chini ya lile la kijivu, anagonga vyuma kama daktari anayepima kifua cha mtoto.

"Hili linafika kokote!"

"Na haya magoti yangu yanafika wapi?" mkewe akamuuliza. "Nimepikia uani ujana wote. Uzeeni sipikii uani."

Mwenye yadi alicheka, lakini si sana. Lile jeupe lilikuwa limeinama kidogo upande wa kitanda, na tairi la upande huo lilikuwa limewekewa ubao.

"Ardhi ya hapa haiko sawa," akasema bila kulitazama. "Lichukueni kwanza mkalijaribu. Msipoliafiki, lirudisheni."

Wakalivuta mpaka kambi moja ya ziwani. Mama Mapazia alifungua kila kabati, akajitazama kwenye kila kioo. Mchana akajilaza kupumzika, mumewe yuko nje anawasha mkaa.

Nyumba ya magurudumu iko juu ya springi, na mtu akiingia inamjua. Akikanyaga ngazi, inainama. Akitembea, inamfuata. Kwa hiyo trela lilipoinama upande wa mlangoni, yeye hakufumbua hata macho.

"Umeshamaliza?"

Likainama upande wa jiko. Likainama upande wa sofa. Likatulia. Halafu likaanza kuinama kuelekea kitandani. Taratibu. Hatua moja. Nyingine.

"Baba watoto?"

Nje, mumewe akakohoa.

Akafumbua macho. Kupitia dirishani alimwona kule, ameinamia mkaa, anapepea. Ndani hapakuwa na mtu.

Godoro likabonyea miguuni pake. Kisha kando ya magoti. Kisha mto uliokuwa kando ya shavu lake ukashuka, kama unavyoshuka kichwa kikilazwa. Kilichomtisha zaidi ni ule uangalifu. Kilijilaza polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

Alitoka bila viatu.

"Twende!" akapiga kelele. "Twende nyumbani!"

"Kuna nini?"

"Usiniulize. Twende!"

Njiani alimsimulia. Mumewe alisikiliza, hakucheka, hakubisha.

Walipolirudisha yadini, mwenye yadi aliuchukua ule ubao ili auweke chini ya tairi. Akasimama. Trela lilikuwa limekaa sawasawa, halijainama hata kidogo. Akalizunguka. Akaingia ndani, akatoka uso umemshuka.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ulitokaje humu?"

"Mbio."

"Ulisema neno?"

"Nilimwambia mume wangu twende nyumbani."

"Ulimtaja mume wako?"

"Nimtaje vipi? Nilisema tu twende."

Mwenye yadi akautazama ubao mkononi mwake. "Wenzenu wote waliolijaribu walitoka kimya," akanong'ona.

Wakachukua lile la kijivu. Mama Mapazia alisita, lakini mumewe alimhakikishia kwamba kasoro ilikuwa ya trela lile, na hili lilikuwa jipya, halijalaliwa na mtu. Akajilazimisha kuamini. Alichokiogopa zaidi ni kurudi kwenye yale maisha ya kuishi mbalimbali.

Alfajiri wakaondoka kwa njia ya mawe. Mumewe alipunguza mwendo kwenye kila shimo.

"Si ulisema linafika kokote? Mbona unaliendesha kama umebeba mayai?"

Akatabasamu upande mmoja. Macho yake hayakutoka kwenye kioo cha pembeni.

Walisimama jua likiwa utosini. Mama Mapazia akafungua mlango wa trela. Vumbi lilikuwa limepenya, limetanda kila mahali, laini kama unga. Sakafuni halikuwa na alama hata ya kidole. Ila kitandani, kati ya mito yao miwili, palikuwa na sehemu safi. Mgongo. Magoti yaliyokunjwa. Mkono mmoja umenyooshwa kuelekea upande anaolala yeye.

Akaigusa shuka.

Ilikuwa na joto.

Mumewe alikuwa nyuma yake, na hakushtuka.

"Tangu tumetoka yadini," akanong'ona, "naona kwenye kioo pazia la trela linafunguliwa. Linafunguliwa, linafungwa. Kama mtu anayetazama njia."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema turudi. Maisha yangu yote nimekuwa mbali na wewe."

Alitaka kumgombeza, alitaka kumkumbatia, na hakuwa na nguvu ya kufanya hata kimoja. Wakalifungua trela kutoka kwenye gari, wakaliacha palepale kando ya njia. Wakageuza gari. Hakuna aliyetazama nyuma, na mpaka wanafika hakuna aliyesema neno.

Jua lilikuwa halijazama. Mume alitangulia kufungua nyumba. Mama Mapazia akafungua mlango wa nyuma wa gari achukue mkoba wake.

Mkanda wa kiti cha katikati ulikuwa umefungwa.

Haukuwa umelala kwenye kiti. Ulikuwa umekaza mbele, umetuna, umeacha nafasi ya kiwiliwili. Katika nafasi ile aliona ngozi ya kiti, na kitu kingine hakikuwapo.

Alirudi nyuma.

Mkanda ukafyatuka. Gari likainama upande wake, kisha likainuka, kama linavyoinuka abiria mnene akishuka. Hewa ikampita begani, polepole, kwa uangalifu.

"Funga mlango," akanong'ona.

Mumewe hakumsikia. Alikuwa amesimama kizingitini, ameushika mlango wazi, anamsubiri aingie.

Bado wanaishi katika nyumba ile. Wanalala taa ikiwaka, na jambo hilo hawaliongelei. Gari hawajaliuza. Mumewe alikipiga kile kiti kwa fimbo, akakianika juani, akabadilisha sponji yote ya ndani. Pale katikati pana bonde la mtu aliyekaa, na haliinuki.