Redio ya Bibi Raheli
Rafiki yangu Loth hukusanya habari za redio za zamani za valvu. Siku ya nne tangu shimo la kuchimba jasi limfukie mdogo wake Simeoni kule Makanya, alipanda mlimani, kijiji cha Mamba, kuipiga picha redio ya Bibi Raheli, maana kukaa nyumbani kulimshinda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoe huyo mtu humo redioni, mwanangu. Leo siku ya nne anagonga."

Loth akadhani ni uzee. Ndani ya stoo yenye giza alifungua mgongo wa redio. Betri hakuna, na valvu zote, zile taa za kioo zinazoifanya iseme, zilishang'olewa. Ndipo akasikia nyundo ikigonga taratibu, kisha kikohozi alichokijua.

"Simeoni, uko upande gani? Niambie tuchimbe."

Kikohozi kikakatika. Kwenye spika ukaanza kumwagika unga mweupe wa jasi, ukaendelea mpaka ukafunika vidole vyake.