Barakoa ya Bibi wa Chumba cha Pili

Haya alinisimulia rafiki yangu, fundi cherehani, na Mungu anisamehe, mwanzoni nilimcheka. Tulipofungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi, aliwashonea barakoa majirani wote. Bibi wa chumba cha pili aliulizia yake kila asubuhi kupitia ukuta.

"Kesho, bibi."

"Mjukuu wangu, hiyo kesho yako mbona haizeeki kama mimi?"

Barakoa ilikuwa tayari, ila fundi aliogopa kikohozi cha bibi. Bibi akafa, mlango wa chumba chake ukatiwa kufuli. Kwa majuto, fundi akaitundika barakoa kwenye kufuli lile.

Siku ya pili umeme ulikatika, korido ikawa giza tupu. Akasikia kikohozi, kisha mlango wake ukakwaruzwa. Alifungua akipapasa. Barakoa ilining'inia kwenye kitasa chake, na upande wa ndani ulikuwa umelowa, bado una joto la pumzi.