Aliyeapa Hajapasua Samaki

— Donatille, kesho tuna wageni. Wewe usikaribie maziwa.

— Wageni gani, mama?

— Wa kumuposa mudogo wako, Mukamurenzi. Si ule kijana wa kituo cha samaki? Théoneste.

Donatille aliendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Théoneste! Mwanaume aliyemwahidi ndoa tangu mvua za mwaka jana, kwa siri!

Kwao walikuwa wafugaji waliotoka Masisi, na samaki kwao ni mwiko. Mkono ulioshika samaki haushiki kibuyu cha maziwa, ng'ombe wasije wakakauka maziwa. Donatille aliyajua hayo yote. Lakini Théoneste, aliyetaka kuwa mtaalamu wa samaki, alikuwa akitapika kila alipopasua tumbo la samaki. Akamwomba yeye. Donatille akapasua, akatoa mayai, akayatia kwenye chupa, na Théoneste akaandika jina lake mwenyewe juu. Siku baba alipomnusa mikono, alimkataza zizi na maziwa. Donatille hakumtaja mtu. Alivumilia; si angeolewa?

Sasa alishuka mbio mpaka kituo cha utafiti wa samaki, kando ya ziwa, hata kitambaa hakufunga kichwani.

— Théo, ni kweli?

Théoneste alitazama mlango wa mkuu wa kituo.

— Sema polepole, Docteur yuko ndani.

— Ni kweli?

— Sikiliza, chérie. Wananituma Bukavu, kisha Ubelgiji, kusomea samaki. Wanataka mutu mwenye bibi. Na mama yangu hawezi kupokea maziwa kwa mikono yako. Unajua desturi, na sisi pia ni wafugaji.

— Mikono yangu iliharibikia wapi?

— Sikukulazimisha.

— Ulisema tutasomea hao samaki pamoja!

— Mutu akipenda husema mengi.

— Mukamurenzi anajua habari zetu?

— Anajua unakujaka kuosha chupa. Basi.

Donatille alilia njia nzima mpaka kwao Birere, wapita njia wakimpa pole wakidhani amefiwa.

Kesho yake Théoneste alikuja na wajomba zake, pamoja na Grégoire, mkubwa wake wa kazi, awe shahidi. Mukamurenzi akapiga magoti na kibuyu cha maziwa. Baba yao, Muzee Ndagijimana, akainua mkono.

— Ngoja kwanza. Kijana, tunasikia kazi yako ni ya samaki. Unawashika?

— Hapana, muzee! Mimi ni mutu wa kuandika. Naapa mbele ya Mungu, sijapasua samaki hata mumoja.

Grégoire alicheka.

— Théoneste, unatuchezea? Docteur anakutuma Bukavu sababu ya kisu chako!

Hakuna aliyecheka naye. Kicheko kikamfia mdomoni, akamgeukia Théoneste.

— Kama si wewe, nani alipasua?

Donatille, ambaye hata kusalimia wageni aliogopa, alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia sauti ikitoka, akashangaa ni yake.

— Ni mimi.

— Mwongo huyo! Théoneste aliruka. Ni muosha chupa tu!

— Basi waambie ulivyotapika ndani ya ndoo ya Docteur.

Mjomba mmoja alijifanya anakohoa. Mukamurenzi akageuka.

— Yaya, dada yangu, ule mwanaume uliyekuwa unamungojea, ni huyu?

— Ni huyu.

Mukamurenzi alisimama, akarudisha kibuyu ndani bila kumwaga tone. Grégoire akavaa kofia yake.

— Umeapa mwenyewe, Théoneste. Nitamupelekea Docteur kiapo chako. Na wewe, binti, kesho atataka kukuona.

Donatille alimtazama baba yake. Mzee aliangalia chini.

Wageni walipokuwa wakiondoka, Théoneste alimshika Donatille mkono nje ya ua.

— Donatille, uwaambie ulidanganya. Nitakuoa wewe, na kesho kwa padri tunakwenda!

Donatille alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliuchomoa mkono wake.

— Kesho sina nafasi. Kituoni hawana mutu wa kupasua.